Kijiti Ndani ya Barafu

Kila kitu kiliharibika Jumanne, siku wakubwa walipokuja hospitalini kukata utepe wa mashine mpya ya maabara. Mashine yenyewe, walivyosema, ilikuwa ya kutambua wadudu wa magonjwa. Na ili watu wapate nafasi ya kupiga picha nayo, maabara ikafungwa kwa wagonjwa.

Mkata barafu hakuwa na habari hizo alipoingia getini akiwa amembeba binti yake mgongoni. Mtoto alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea mwenyewe, tena mkubwa wa kuona aibu kubebwa, lakini tangu asubuhi kila akiweka mguu chini kichwa kilimgonga. Sikio lake la kulia lilikuwa limezibwa kwa pamba, na pamba ilikuwa imelowa. Nyuma yao alifuata Bibi, mama mkwe wa mkata barafu, ameshika chupa ya chai na shuka, kwa sababu alikuwa haamini hospitali inayomrudisha mtu nyumbani siku hiyo hiyo. Binti yake wa kuzaa, mama wa mtoto huyu, aliletwa hapa kwa miguu yake akarudishwa kwa gari la kukodi, amefunikwa. Tangu hapo Bibi alihamia kwa mkwewe kumlea mjukuu, na yeye na mkwewe walikuwa wakiishi kwa adabu kama wageni wawili waliopangiwa chumba kimoja.

Daktari wa masikio alikuwa anakuja Jumanne tu. Siku nyingine zote masikio ya watu yalitakiwa yavumilie.

"Dawa ya kwanza ilikuwa ipi?" aliuliza, akimmulika mtoto sikioni kwa taa.

"Ya maji, ya pinki," Bibi alijibu.

"Halafu?"

"Ya maji, nyeupe."

"Halafu?"

"Ile ya pinki tena. Walisema nyeupe imeisha."

Daktari alicheka kidogo bila furaha. Alipitisha kidole nyuma ya sikio la mtoto, mahali palipovimba, na mtoto akavuta pumzi kwa meno.

"Tumekuwa tunarusha ngumi gizani," alisema. "Dawa inamgusa mdudu, anajificha, usaha unakauka, mnafurahi, halafu anarudi na hasira. Hapa nyuma ni mfupa, baba. Akishajenga humu, mazungumzo yetu yatakuwa mengine. Mimi leo nataka kumjua huyu kwa jina lake."

Bibi alimpakata mtoto, akambana mikono. Daktari alisafisha tundu la sikio, kisha akachukua kijiti chembamba chenye pamba nchani, akakiingiza taratibu mpaka ndani kabisa, kwenye usaha mpya. Mtoto hakulia. Alimuuma Bibi begani, na Bibi naye hakulia. Kijiti kikatoka na uchafu wa rangi ya maziwa yaliyolala. Daktari akakitumbukiza kwenye kichupa chenye ute unaotetemeka kama uji uliopoa, akakifunga.

"Wataenda kumwotesha, kama mtu anavyootesha mbegu. Akiota, watamwekea dawa mbalimbali waone ipi inamuua na ipi anaicheka. Hapo nitaandika dawa nikijua naandika nini. Maana iko sindano moja kali humu hospitalini. Inaua wadudu, sikatai, lakini inaweza kula na usikivu wa mtoto. Sitaki kuishika nikiwa nabahatisha."

"Sawa, daktari."

"Na sikio lisiguswe. Maji, mafuta, dawa ya jirani, kitu chochote. Msilitie kitu."

"Sawa."

"Kijiti kiende maabara sasa hivi."

Tatizo ni kwamba mpeleka vipimo alikuwa amechukuliwa kupanga viti chini ya turubai. Nesi alichungulia koridoni kulia na kushoto, akamkabidhi mkata barafu kichupa. "Peleka mwenyewe, baba. Dirisha la kijani, mwisho kabisa."

Dirisha la kijani lilikuwa limefungwa. Mbele yake alisimama mlinzi aliyevalishwa tai.

"Leo hakuna. Kuna wageni."

"Daktari kasema kiende sasa hivi."

"Daktari hana ufunguo. Ninao mimi, na nimeambiwa nisifungue."

"Basi kipokee wewe, uwape wakitoka."

"Baba, mimi nipokee usaha na tai hii?" Mlinzi aliishika tai kama mtu aliyeazimwa. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akapunguza sauti. "Njoo nacho kesho asubuhi. Kitunze vizuri tu, kisije kikaharibika."

Kutoka kwenye turubai kipaza sauti kilikuwa kinasema kwamba kuanzia leo hakuna mtoto atakayetibiwa kwa kubahatisha. Watu walipiga makofi. Mkata barafu alisimama na kichupa mkononi mpaka makofi yakaisha.

*

Kiwanda cha barafu kilikuwa nyuma ya soko. Ndani yake mtu alikuwa anaona pumzi yake mwenyewe hata jua likiwa linachoma mabati. Mapande ya barafu yalikuwa yanashuka kwenye ubao kwa kuvutwa na koleo la ndoano, marefu kama majeneza ya watoto, na kazi ya mkata barafu ilikuwa kuyapiga msumeno, kuyafunika kwa maranda ya mbao na kuyapakia kwenye magunia. Nyama ilikuwa inakuja pale, na samaki, na maziwa, na mara nyingine mtu wa mochwari na toroli lake. Wote walitaka kitu kimoja tu: kisiharibike. Katika maisha yake hilo ndilo neno alilokuwa analijua kuliko msimamizi, kuliko mwenye kiwanda.

Kwa hiyo hakuhitaji kufikiri. Alichagua pande safi lisilo na mapovu, akalitoboa kwa patasi, akakilaza kichupa ndani ya shimo, akajaza vipande vidogo juu, akafukia kwa maranda, akafunika gunia, na juu ya gunia akaweka koleo lake ili mtu asiguse.

"Mzee Baridi," mwenzake alimwita, "leo umeleta samaki gani huyo, hata paka hashibi?"

"Ni kipimo cha mtoto."

Mwenzake aliacha kucheka. "Cha sikio?"

"Cha sikio. Wanataka kumjua mdudu."

"Hapo atalala salama," mwenzake alisema, akaongeza gunia lake mwenyewe juu ya lile la kwanza.

Jioni alirudi nyumbani na kipande cha barafu kwenye mfuko wa nailoni, kama kila siku. Ilikuwa desturi yake na binti yake. Wengine waliletewa pipi, yeye aliletewa barafu, akaimumunya mpaka meno yanagongana. Safari hii hakuiweka mdomoni. Aliipeleka nyuma ya sikio.

"Hapana, mama," baba yake akamshika mkono.

"Panachoma, baba. Naweka kidogo tu."

"Daktari kasema pasiguswe."

"Ni barafu. Siyo kitu."

Bibi aliyekuwa anakunja nguo alisema bila kuinua macho, "Baba, kwani ikikaa kwa nje tu si itampoza?"

"Mama, wewe ulisikia. Kitu chochote."

"Nilisikia. Nauliza tu."

Kipande kiliyeyukia kwenye sahani. Mtoto alilala ameugeuzia ukuta upande wa sikio zima, na kwa hiyo hawakujua kama aliwasikia walipomwita ale, au alikuwa amenuna. Shuleni nako hawakuwa wanajua. Wenzake walilalamika harufu, mwalimu akamhamishia dawati la nyuma karibu na dirisha. Kutoka huko nyuma akawa hasikii linalosemwa, na mwalimu akatuma neno kwamba mtoto amekuwa mzito.

*

Asubuhi dirisha la kijani lilikuwa wazi. Mkata barafu alifika na kopo la bati, ndani yake maranda, ndani ya maranda barafu, ndani ya barafu kichupa. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni na aliona fahari kidogo, ya kijinga, kama mwanafunzi aliyefanya kazi yake ya nyumbani.

Kijana wa dirishani alikipokea, akakifuta maji kwenye koti lake.

"Mbona kimelowa?"

"Nimekitunza."

"Haya. Anayefuata."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kijana hakuuliza kimetunzwa wapi, na mkata barafu hakuona cha kuongeza.

Ndani, mtaalamu wa maabara alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Tangu jana meza yake ya kazi ilikuwa imesukumwa ukutani kupisha mashine mpya, na mashine mpya ilikuwa bado imevaa nailoni yake, kwa sababu maji ya dawa ya kuiendeshea yalikuwa hayajaletwa na hakuna aliyejua yataletwa lini. Alifanya kazi kama alivyofanya miaka yote. Alipaka usaha kidogo kwenye kioo, akaumwagia rangi ya zambarau, akauosha, akaumwagia nyekundu, akautazama kwa hadubini. Aliwaona. Walikuwa wamekaa wawiliwawili, zambarau, kama mbegu zilizogandana, na kuwazunguka kulikuwa na mabaki ya askari wa mwili waliokufa wakipigana nao.

Aliandika alichoona. Lakini hadubini ina kasoro moja: haikwambii huyu unayemwona yu hai au ni maiti. Akachukua visahani viwili, kimoja chekundu cha damu ya kondoo, kingine cha damu hiyo hiyo iliyopashwa moto mpaka ikawa rangi ya kahawia, akapangusa kijiti juu yake na kuchora mistari kwa kitanzi cha waya. Visahani akavitia kwenye mtungi wa kioo, akawasha mshumaa ndani yake, akaufunga kwa kifuniko. Mshumaa ukanywea, ukazimika wenyewe, ukaacha hewa nzito ya moshi ambayo wadudu wa masikio wanaipenda. Mtungi ukaingia kwenye kabati la joto, joto la mwili wa mtoto.

Kesho yake visahani vilikuwa safi. Akavirudisha, akisema huenda wamechelewa. Ijumaa vilikuwa safi vilevile. Hakukuwa na hata doa moja la kuwekea vile vikaratasi vyenye dawa, kuona ipi inaua na ipi inachekwa.

Alitoka mwenyewe mpaka dirishani, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Baba wa yule wa sikio yupo?"

"Nipo, mama."

"Kile kijiti kilitolewa Jumanne, kikafika hapa Jumatano. Kililala wapi?"

Mkata barafu alisogea. Alikuwa anasubiri mtu aulize. "Kwenye barafu, mama. Ndani kabisa ya pande. Hakikupata joto hata chembe."

Mama wa maabara alivua miwani, akaishika kwa uzi wake. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Nimekosea?" mkata barafu aliuliza.

"Hawa wa masikio ni wapenda joto, baba. Baridi inawaua. Kingekaa tu mfukoni mwako."

"Mfukoni?"

"Mfukoni tu. Ule ute ungewashikilia mpaka asubuhi."

Mkata barafu alitazama mikono yake, ile mikono yenye ngozi nyeupe iliyopasuka kwa baridi ya miaka. "Basi mtoeni kingine. Leo hii nikilete mfukoni."

"Wa kukitoa anakuja Jumanne," alisema mama wa maabara.

*

Jumanne haikusubiriwa. Jumamosi sikio la mtoto lilikuwa limesukumwa mbele kama mlango uliosukumwa na mtu aliye ndani, na alikuwa anamwita mama yake. Bibi alimjibu, "Abee, mwanangu," kwa sauti ya binti yake aliyekufa, akafanya hivyo njia nzima mpaka hospitalini, na mkata barafu alitembea mbele ili asisikie.

Daktari wa zamu alikuwa kijana aliyechoka. Alimpigia simu daktari wa masikio mbele yao, na kwa kuwa simu ilikuwa na sauti kubwa, wote walisikia.

"Jibu la maabara linasemaje?"

"Wameonekana, hawakuota."

"Sindano nyingine zipo?"

"Imebaki ile tu."

"Mpe. Na apasuliwe leo, usaha utoke. Ningekuwa na jibu mkononi nisingeigusa hiyo, lakini mpe."

Mtoto alipasuliwa nyuma ya sikio, akachomwa sindano ile asubuhi na jioni, na hakufa. Hilo lisemwe, maana wakubwa walilisema mara nyingi baadaye. Hakufa. Homa ilishuka, akaomba chai, akalalamika kwamba shuka la hospitali linawasha. Bibi alimshukuru kila aliyepita na koti jeupe, hata fundi bomba.

Ndipo Jumanne daktari wa masikio alipopiga kijichuma chake cha kupimia usikivu mpaka kikalia, akakiweka upande wa kulia wa kichwa cha mtoto.

"Unasikia?"

Mtoto alimtazama midomo.

Akakiweka kushoto. "Na huku?"

"Huku kinalia, kwa mbali."

"Huku kushoto hakukuwa na ugonjwa," Bibi alisema. "Mbona kwa mbali?"

Daktari aliandika kitu. Upande wa kulia ni mdudu au ni dawa, na wa kushoto ni dawa au ni nini, hakusema, na kalamu yake ilichukua muda mrefu kuliko maneno aliyokuwa anaandika.

*

Ofisi ya mkuu wa hospitali ilikuwa na zulia, na mkata barafu alivua viatu mlangoni. Hakuna aliyemwambia avivue, na hakuna aliyemwambia avivae. Alisimama na soksi zake zilizotoboka kidole, mama wa maabara akiwa amesimama kando, ameitwa kueleza. Ukutani palikuwa na picha mpya, wakubwa na mkasi, na nyuma yao mashine ndani ya nailoni.

"Pole sana, mzee," mkuu alisema. "Tumelifuatilia. Kipimo kiliharibiwa na mzazi."

"Mzazi ni mimi."

"Sikulaumu. Ulifanya kwa nia njema. Lakini nani alikwambia ukiweke kwenye barafu?"

"Hakuna."

"Unaona sasa."

"Nani aliniambia nisikiweke?"

Mkuu alitabasamu kwa subira. "Hayo mambo yanajulikana."

"Yanajulikana na nani?"

"Na wataalamu."

"Wataalamu walikuwa chini ya turubai, mkuu. Mimi nilipewa mlinzi."

Mkuu alimgeukia mama wa maabara kama mtu anayeomba achukuliwe mzigo. "Mweleze mzee. Kipimo hakiwekwi kwenye baridi."

"Cha sikio hakiwekwi," alisema mama wa maabara.

"Umesikia?"

"Cha mkojo kinawekwa," mama wa maabara akaendelea, anaongea na zulia. "Kikichelewa tunakitia kwenye friji. Mpeleka vipimo anajua kipi ni kipi. Siku ile alikuwa anapanga viti."

Mkuu alifunga faili lililokuwa mbele yake, ingawa hakuna aliyekuwa akilisoma. Alisema hospitali itaweka tangazo dirishani. Alisema pia kwamba mashine mpya ikianza kazi mambo kama haya yatakuwa historia. Mkata barafu aliuliza inaanza lini. Mkuu alitazama saa, akasema ana kikao.

Nje, akiwa ameinama kufunga viatu, alimsikia mama wa maabara anasimama nyuma yake.

"Baba, nisamehe. Ningetoka kuuliza siku ile ile ya Jumatano."

"Ungeuliza, mdudu angekuwa hai?"

"Hapana. Lakini daktari alikuwa bado hajaondoka mjini. Angetoa kingine."

Mkata barafu aliendelea kufunga kamba ambayo ilikuwa tayari imefungwa.

*

Siku ya kuruhusiwa alikuja wodini na kipande cha barafu kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa amekaa nacho mlangoni kwanza, hajui kama akiingize au akitupe, mpaka kikapungua nusu.

Binti yake alikuwa ameketi kitandani, kichwa kimefungwa bandeji, miguu inaning'inia. Baba alimwita kutoka mlangoni. Hakugeuka. Akazunguka kitanda mpaka upande wa kushoto, akainama, akamwita kwa sauti ambayo watu wa vitanda vingine waliigeukia.

"Usinipigie kelele, baba," mtoto alisema.

"Sikupigii, mama. Shika."

Akaipokea barafu, akaitia mdomoni, shavu moja likavimba.

Bibi alikuwa anafunga shuka na chupa ya chai. "Walisemaje huko kwa mkubwa?"

"Kwamba mimi ndiye niliyeharibu."

"Wewe?"

"Barafu, mama. Ile barafu iliwaua wale wadudu, ndiyo maana hawakuota. Wakashindwa kujua dawa."

Bibi aliacha kufunga. Ilibidi arudie mwenyewe, taratibu, kama mtu anayehesabia mwenzake. "Barafu iliwaua."

"Iliwaua wote."

Mtoto alikuwa akiwatazama midomo, mmoja kisha mwingine, jinsi alivyokuwa anajifunza kufanya siku hizi. Alitoa barafu mdomoni, akaishika kwenye kiganja, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Aliitazama, kisha akamtazama baba yake.

"Sasa kama barafu iliwaua," aliuliza, "mbona mimi nilipotaka kuiweka sikioni ulinikataza?"